Simu zisizohitaji mnara: Hesabu za maabara na ukweli wa nyanda za kati

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MAMA mjamzito anayeshikwa na uchungu usiku wa manane, katika kijiji kilicho mbali na barabara kuu, anahitaji mambo matatu: gari, mhudumu wa afya na simu inayoshika mtandao. Hilo la tatu ndilo linaloyaita hayo mawili ya kwanza.

Tangu mpango wa m-mama ulipozinduliwa kitaifa mwaka 2022, namba ya bure 115 imekuwa ndiyo mlango wa kuombea usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Hata hivyo, namba hiyo, kama zilivyo namba nyingine zote, haina msaada wowote pale ambapo mwenye simu hulazimika kupanda juu ya jiwe au kilima kutafuta mawimbi.

Serikali haikulifumbia macho tatizo hilo. Mei 13, 2023, hapa jijini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku ya Sh126 bilioni. Ni fedha nyingi, na zinaonyesha jambo moja: mahali penye watu wachache kampuni haijengi mnara kwa hiari yake, kwa kuwa mnara unahitaji umeme, barabara na ulinzi, ilhali wateja wa kulipia gharama hizo ni haba.

Ndiyo maana wazo linalozungumzwa na wataalamu wa kompyuta kwa zaidi ya miongo miwili sasa linavutia masikioni mwa mtu wa Chemba, Mpwapwa au Manyoni. Wazo lenyewe ni hili: kwa nini simu za kiganjani zisizungumze zenyewe kwa zenyewe, bila kupitia mnara wowote?

Makala haya yanalichambua wazo hilo kwa hesabu. Jibu fupi ni kwamba linawezekana, lakini si kwa kila jambo, na si kwa hesabu zilizokokotolewa kwa kufikiria mahali pengine.

Kila simu ni tarishi

Katika mtandao wa kawaida, simu ya Kondoa inayompigia jirani wa nyumba ya pili hutuma mawimbi hadi mnarani kwanza, kisha mnara ndio unaomtafuta jirani huyo. Mnara ukizimika, majirani hao wawili hawasikilizani simuni hata kama wanaonana kwa macho.

Katika mtandao wa papo hapo usiotumia waya, kila simu ni mtumaji, ni mpokeaji, na zaidi ya yote ni tarishi. Ujumbe unaotoka kwa Asha kwenda kwa Mazengo hupitia simu za watu walio kati yao, kila mmoja akimpokeza mwenzake. Kwa kuwa watu hao hutembea, njia ya ujumbe hubadilika kila dakika, na programu iliyomo ndani ya simu hulazimika kuitafuta upya.

Wazo hili si geni. Jeshi la Marekani lilianza kugharamia utafiti wa redio za aina hiyo katika miaka ya 1970. Mwaka 1997 taasisi inayoandaa kanuni za kiufundi za intaneti iliunda kikundi maalumu cha kulishughulikia, na mwaka 2003 kikundi hicho kilichapisha kanuni mbili zinazojulikana kwa vifupisho vya AODV na OLSR, ambazo ni taratibu za simu kutafuta njia ya kupitishia ujumbe.

Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la mwaka 2010, mtafiti Paul Gardner-Stephen wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, alianzisha mradi wa Serval wa kuziwezesha simu kuwasiliana pale minara inapoanguka. Mwaka 2014 waandamanaji wa Hong Kong walitumia programu ya FireChat kutumiana ujumbe simu kwa simu wakihofia kwamba mtandao ungezimwa.

Hesabu ya kijijini

Kabla ya kutumia fedha, mtaalamu hutengeneza kielelezo: anauchora mtandao ndani ya kompyuta na kuutazama ukifanya kazi. Kielelezo hicho hulishwa mambo manne. Kwanza, mawimbi yanafika umbali gani. Pili, simu ni ngapi na zimetawanyika vipi. Tatu, wenye simu wanatembeaje. Nne, ujumbe unaotumwa ni mwingi kiasi gani. Kompyuta hurudisha majibu: ni asilimia ngapi ya ujumbe iliyofika, umechelewa kwa muda gani, na betri zimepungua kiasi gani.

Tujaribu hesabu nyepesi kwa takwimu za hapa nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dodoma ukiwa na watu 3,085,625. Eneo la mkoa ni takriban kilomita za mraba 41,300. Hiyo ni sawa na watu 75 hivi kwa kila kilomita moja ya mraba.

Tuchukue kwamba mawimbi ya Wi-Fi ya simu yanafika mita 100 mahali pa wazi. Duara la mita 100 kuzunguka mtu mmoja lina ukubwa wa kilomita za mraba 0.03 hivi. Kwa wastani huo wa mkoa, ndani ya duara hilo wamo watu wawili na ushei. Tukisema theluthi moja tu ya watu hao, wakiwamo watoto na wazee, wana simu janja iliyowashwa, basi kila simu ina jirani asiyetimia hata mmoja. Wenye simu za kitochi, ambazo hazina Wi-Fi, hawamo kabisa katika hesabu hii.

Wanahisabati wamekwisha kuonyesha kwamba simu zikitawanyika ovyo juu ya uwanda, kila moja inahitaji kuwa na wastani wa majirani wanne na nusu hivi ndipo mtandao mmoja mkubwa unapoanza kuungana. Chini ya hapo, mtandao hubaki vipande vipande, kila kipande kikizungumza peke yake. Wastani wa mkoa wetu uko chini sana ya kiwango hicho.

Ni kweli kwamba watu hawakutawanyika ovyo kama punje za mtama zilizomwagika. Wamekusanyika vijijini, na ndani ya kijiji simu zinaweza kusikilizana vizuri. Pengo liko kati ya kijiji na kijiji, na pengo hilo ndilo hasa linalomtenga mama mjamzito na zahanati.

Kutoka Kondoa hadi Dodoma ni takriban kilomita 160. Kwa hatua za mita 100, ujumbe ungehitaji simu zisizopungua 1,600 zilizopangwa mstari mmoja bila hata moja kuzima. Na hata mwendo mfupi una gharama yake. Kila hatua ikiwa na uhakika wa asilimia 95, ujumbe unaopita hatua 10 unafika kwa uhakika wa asilimia 60 tu. Wa hatua 20 unafika kwa asilimia 36. Programu inaweza kurudia kutuma, lakini kila marudio yanakula muda na betri ya mtu asiyehusika na ujumbe huo.

Tena hizo mita 100 zenyewe zina masharti. Hewani juu, umbali ukiongezeka maradufu, nguvu ya mawimbi hupungua mara nne. Karibu na ardhi, ambako ndiko simu ya mfukoni iliko, inaweza kupungua hadi mara 16, hata kabla ya mawe makubwa ya Dodoma, vichaka na kuta za matofali kuingilia kati.

Mjini nako kuna balaa lake

Msomaji wa mjini anaweza kusema shida hiyo haimhusu, kwa kuwa Jiji la Dodoma lilihesabiwa watu 765,179 katika sensa hiyo hiyo, na majirani si tatizo. Lakini mjini tatizo hugeuka. Kijijini simu ni chache mno. Mjini ni nyingi mno.

Simu mbili zilizo karibu zikitumia masafa yale yale kwa wakati mmoja, mawimbi hugongana, na kila moja hulazimika kusubiri zamu. Mwaka 2000 wataalamu Piyush Gupta na P. R. Kumar wa Marekani walithibitisha kihesabu kwamba kadiri simu zinavyoongezeka katika mtandao wa namna hii, ndivyo fungu la kila simu linavyopungua. Kwa kanuni yao, kutoka simu 100 kufikia 1,000, fungu la kila mmoja linapungua karibu mara nne.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) walichunguza mstari wa vituo vinavyopokezana ujumbe. Kinadharia, mstari huo ungeweza kupitisha robo ya kasi ya kituo kimoja. Kwa taratibu halisi za Wi-Fi, waliambulia karibu sehemu moja ya saba tu.

Maana yake ni kwamba anayeahidi kuwa wakazi wa jiji zima watatazama video kwa simu kupokezana bila mnara anaahidi kitu ambacho hesabu zimekwisha kukikataa.

Mwendo wa kubuni na mwendo wa kweli

Kuna kosa jingine ambalo wataalamu wenyewe wamelikiri. Kwa miaka mingi, tafiti nyingi za mitandao hii zilitumia kielelezo kimoja cha mwendo: mtu anachagua mahali popote bila sababu, anachagua kasi yoyote, anakwenda moja kwa moja, anapumzika, kisha anachagua mahali pengine.

Hakuna mwanakijiji anayetembea hivyo. Mtu wa Bahi huenda kisimani alfajiri, shambani asubuhi, kilabuni au msikitini jioni, na mnadani siku ya mnada. Mfugaji hufuata malisho na maji, na njia zake za masika si za kiangazi.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba, pale kasi ya chini kabisa inapowekwa kuwa sifuri, kielelezo hicho kina kasoro ndani yake: wastani wa kasi ya watembeaji huendelea kushuka kadiri kompyuta inavyoendelea kukokotoa, kwa hiyo majibu ya mwanzo na ya mwisho hayalingani. Mwaka 2005 Stuart Kurkowski na wenzake walipitia makala zilizowasilishwa katika mkutano mkubwa wa kimataifa wa fani hiyo tangu mwaka 2000, na kukuta kwamba ni chini ya asilimia 15 zilizotoa maelezo ya kutosha kumwezesha mtafiti mwingine kurudia majaribio yake.

Hilo si jambo la wasomi peke yao. Ikiwa kielelezo kinasema ujumbe 90 kati ya 100 utafika, na mtu akaagiza vifaa kwa kuamini takwimu hiyo, atakayelipa deni la kosa ni mwananchi aliyekuwa akisubiri msaada.

Mfano wa kazi iliyofanywa kwa uangalifu haupo mbali nasi. Januari 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton cha Marekani waliwavisha punda milia kola za redio katika hifadhi ya Sweetwaters, karibu na Nanyuki nchini Kenya. Mradi huo uliitwa ZebraNet. Kila kola ilirekodi mahali mnyama alipo, na wanyama walipokutana, kola zilipeana kumbukumbu. Mtafiti alihitaji kuwakaribia wachache tu ili apate habari za wengi.

La kuzingatia ni kilichotangulia. Kabla ya kuzifunga kola hizo, watafiti waliwauliza wanabiolojia jinsi punda milia wanavyotembea: mwendo wao wakila majani, mwendo wao wakihama, mwendo wao wakikimbia, na safari zao za kwenda kunywa maji. Mwendo huo ndio waliouingiza katika kompyuta. Kama punda milia wa Laikipia walistahili kuchunguzwa mwendo wao kwanza, binadamu wa nyanda za kati wanastahili zaidi.

Ujumbe unaoweza kusubiri

Hapa ndipo hesabu inapoanza kutupa matumaini. Matthias Grossglauser na David Tse walionyesha mwaka 2001 kwamba mwendo wa watu, ambao huvunja njia za ujumbe, unaweza pia kuwa msaada. Simu haina haja ya kupata njia nzima kwa wakati mmoja. Inaweza kuuhifadhi ujumbe, ikatembea nao, na kuukabidhi itakapokutana na mwenyewe. Sharti ni moja: mtumaji akubali kusubiri.

Nyanda za kati zina usafiri wa namna hiyo tayari. Mnada wa Msalato hukutanisha watu wa vijiji vingi mahali pamoja. Soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, hupokea malori kila msimu. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipokamilika mwaka 2018, mabasi hupita Kondoa mchana kutwa. Basi lenye kifaa kidogo cha Wi-Fi linaweza kuchukua taarifa za zahanati, fomu za shule na oda za dawa, na kuzimwaga mjini likifika stendi. Mradi wa DakNet ulifanya jambo kama hilo nchini India na Kambodia miaka ya mwanzo ya 2000, kwa kutumia mabasi na pikipiki.

Lakini basi la asubuhi halimsaidii mama aliyeshikwa na uchungu usiku. Huo ndio mstari ambao kila mpanga sera hana budi kuuchora: kuna ujumbe unaoweza kusubiri na kuna usioweza. Taarifa ya mwezi ya chanjo inaweza kusubiri hadi kesho. Simu ya 115 haiwezi kusubiri hata nusu saa. Kielelezo kinachotaja asilimia ya ujumbe uliofika bila kutaja umefika baada ya muda gani kinaficha nusu ya ukweli.

Kwa ujumbe usiosubiri, kinachohitajika ni kiungo cha kudumu chenye masafa marefu. Kondoa imetoa mfano mmoja. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma, akiwamo Jabhera Matogoro, kwa kushirikiana na tawi la Tanzania la Internet Society, walianzisha huko mtandao wa jamii unaotumia masafa ya televisheni yasiyotumika. Masafa hayo ni ya chini kuliko ya Wi-Fi, kwa hiyo husafiri mbali zaidi na hupenya miti na vilima kwa urahisi zaidi. Huo si mtandao wa simu kupokezana, lakini unaweza kuwa uti wa mgongo ambao simu za kijiji zinaegemea.

Umuhimu wa kuwa na njia ya pili umeonekana nchini hivi karibuni. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora nchini kwa siku kadhaa. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchini kote, na ilichukua siku kadhaa kurejea. Simu zinazopokezana ujumbe zisingerudisha intaneti katika hali hizo, lakini zingeweza kuwawezesha walio karibu kujulishana walipo na wanachohitaji.

La kufanya

Kutokana na hesabu hizo, yapo mambo matatu ambayo wahusika wanapaswa kuyatazama.

La kwanza, mnara ubaki kuwa msingi. Mtandao wa simu kwa simu uwe msaidizi wa mnara wakati wa maafa na katika vijiji vilivyojibana, wala usitumike kama kisingizio cha kuiacha kata bila mnara.

La pili, UCSAF, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na vyuo vikuu vipime hali halisi: mawimbi yanafika wapi masika na kiangazi, watu wanakwenda wapi siku ya mnada, simu ngapi ni janja na ngapi ni kitochi, na chaji inakaa saa ngapi. Vipimo hivyo vikusanywe kwa ridhaa ya watu, majina yao yaondolewe, kisha viwekwe wazi ili mwanafunzi yeyote avitumie. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 na chenye ndaki nzima inayofundisha sayansi za kompyuta, kimezungukwa pande zote na vijiji vinavyofaa kwa kazi hiyo.

La tatu, anayekuja na vifaa vya kuuza aulizwe maswali manne kabla ya kulipwa: kielelezo chako kimedhani simu ngapi kwa kilomita ya mraba, zinatembeaje, ujumbe unachelewa kwa muda gani, na betri ya nani inatumika? Pia aeleze ni jinsi gani ujumbe unaopita katika simu za wageni utafungwa usisomwe njiani.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Simu moja moja zinaweza kweli kujaza kibaba cha mawasiliano ya kijiji. Lakini mwenye kupima kwa kibaba cha kuazima, asichokijua ujazo wake, asishangae chakula kikipungua mezani. Nyanda za kati zina haki ya kupimiwa kwa kibaba chake, na aliye na haki ya kwanza ni yule mama ambaye usiku wa leo anahitaji simu yake ishike mtandao.